Kutoka Mikindani na baiskeli bila kukimbizana na matrela

Swali: “Shikamoo, fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mikindani. Nimenunua baiskeli ya mitumba, ile yenye usukani uliopinda chini, lakini tairi zake si nyembamba. Zimeandikwa 700 x 38. Naipenda sana, ila kila nikitoka nakutana na matrela ya barabara ya Nairobi na roho inaniruka. Nasikia kuna watu wanapanda mashambani, njia za vumbi, bila gari hata moja. Njia hizo ziko wapi kwetu huku Mombasa? Nataka za kwenda na kurudi siku moja, Jumapili. Nitakuwa na rafiki yangu mmoja, naye ni mwanamke. Na je, baiskeli hii itaweza, au niiuze ninunue ya mlimani?”

Marahaba, mwalimu. Nianze na la mwisho maana ndilo fupi: usiiuze. Hiyo uliyonayo ndiyo baiskeli ya changarawe yenyewe, ile ya njia za vumbi na kokoto, na kwa bara ya Mombasa ni bora kuliko ya mlimani. Huku kwetu hatuna miamba ya kurukia. Tuna vumbi, kokoto, mchanga na vilima vifupi vinavyofuatana, na juu ya hayo tairi ya milimita 38 yaenda vizuri ikitiwa upepo wa kadiri. Siku zile utakapotaka kubadilisha tairi, uliza fundi kama fremu inaruhusu 42 au 45. Nyingi huruhusu. Kwa sasa panda hizo hizo.

Sasa njia. Chukua ramani uone magari ya Mombasa yanakotoka. Barabara kubwa ni tatu tu: ya Nairobi inayopita mlangoni kwako, ya Malindi upande wa kaskazini, na ya Lunga Lunga upande wa kusini. Karibu kila lori na kila matatu imebanana humo. Baina ya barabara hizi kuna pembe mbili kubwa za mashamba. Ya kwanza iko kati ya barabara ya Nairobi na ya Malindi: Rabai, Ribe, Kambe, Jibana, Chonyi. Ya pili iko kati ya barabara ya Nairobi na ya Lunga Lunga: Tsunza, Mnyenzeni, Kinango, Kwale. Ndani ya pembe hizo ndimo mlimo na unachokitafuta, na wewe mwenye kukaa Mikindani uko karibu na zote mbili kuliko mtu wa Nyali au Bamburi. Wao wana lami nzuri, wewe una bara.

Ila hilo la “bila gari hata moja” lichukue na chumvi kidogo. Njia za vumbi zina bodaboda, tena wengi, na siku za soko utakutana na kenta ya nazi au lori la mchanga. Tofauti ni kwamba lori moja kwa saa moja unalisikia likija, unasimama kando, unafunga mdomo vumbi lipite, basi. Hilo si sawa na trela linalokupita kwa kiasi cha kiganja pale Miritini. Kama kuna machimbo ya mawe au ujenzi mkubwa karibu, njia hiyo iache hata ikiwa ramani inaipamba. Ndiyo sababu sikutumi Jaribuni, ndani ya Kilifi, kwenye malori ya mawe, wala Kasemeni karibu na ujenzi wa Bwawa la Mwache.

Kabla ya njia yenyewe nakuomba usome udongo, kwa sababu huku kwetu udongo ndio unaoamua kama Jumapili itakuwa ya raha au ya kubeba baiskeli mabegani. Ukitoka baharini kwenda bara unavuka mikanda, mmoja baada ya mwingine, yote ikielekea sambamba na pwani. Wa kwanza ni mwamba wa matumbawe na mchanga uliolala juu yake. Nyuma yake, hasa kaskazini, kuna vilima vya mchanga mwekundu. Halafu unakuja mkanda unaokaa wewe: Changamwe, Mikindani, Miritini, hadi chini ya vilima vya Rabai. Huo ni mwamba wa tabaka tabaka wa zama za Jurasiki, unaomeguka kama biskuti. Ukikauka ni barabara safi. Ukilowa unageuka udongo wa kufinyangia vyungu, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukipanda kufika Mazeras unaingia kwenye mawe ya mchanga, yale yale yaliyojenga vilima vya Shimba upande wa kusini. Hapo maji yanapita upesi, na njia iliyonyeshewa Ijumaa yaweza kuwa tayari Jumapili. Kambe kuna kipande cha mawe ya chokaa, yenye ncha kali kwa tairi. Nyuma ya vyote, Mariakani na Kinango, ardhi inalala, vichaka vinaanza, na vumbi linakuwa kama unga.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: masika yakianza, mwisho wa Machi hadi Mei na mara nyingine Juni, kaa juu ya mawe ya mchanga na uache mabonde. Vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua zake ni za vipande vipande, chungulia mbingu tu. Miezi mingine nenda utakako, lakini uulize upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, kaskazi huanza Novemba hivi mpaka Machi. Mpanda baiskeli mwenye akili wakati wa kusi anaanzia kusini na kumalizia kaskazini, na wakati wa kaskazi anageuza. Usidharau hili. Juu ya matuta ya Rabai na kwenye nyika za Kinango hakuna jengo la kukukinga.

Njia ninayoiweka mbele ya zote ni ya matuta ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na nitakaa juu yake kidogo.

Usitoke Mikindani kwa kupanda baiskeli. Kipande cha barabara kuu hadi Mazeras si cha kuzoelea baiskeli, na ukishafika juu utakuwa umechoka kwa hofu kabla ya kuchoka kwa miguu. Panda matatu yenye kereya juu, au patana na mtu wa pikapu. Mazeras mnashuka na kushika njia ya Kaloleni. Hii ni lami na ina matatu, lakini hadi Rabai ni kipande kifupi tu, na asubuhi ya Jumapili inapitika. Rabai ndipo Ludwig Krapf alipojenga misheni mwaka 1846, miaka miwili baada ya kufika Mombasa, akiwa na mwenzake Johannes Rebmann, yule aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 na Wazungu wa kwao wakakataa kuamini kuwa kuna theluji karibu na ikweta. Leo pana makumbusho yenye jina la Krapf. Mkipita mapema mtakuta pamefungwa, lakini kivuli cha miti kiko wazi daima na hapo ni pahali pazuri pa kukagua upepo wa tairi.

Baada ya Rabai mnaiacha lami mkono wa kushoto na kufuata njia za vumbi kuelekea Ribe. Hapa ndipo mchezo wenyewe. Tuta linakwenda kaskazini na njia inapanda na kushuka juu yake: unateremka bondeni, unavuka kijito au kivuko cha zege, unapanda kati ya minazi, unatokea kijijini penye duka moja na shule moja, unateremka tena. Hakuna mlima wa kutisha. Ni vilima vifupi, lakini ni vingi, na hesabu yake huionja mapajani siku ya pili. Minazi, mikorosho, miembe, mashamba ya mihogo, na wagema juu ya minazi asubuhi wakikusalimu kutoka huko huko juu. Mazeras hadi Ribe na kurudi ni karibu kilomita 30. Ukitia Kambe na Jibana inapita 50, na hiyo si ya safari ya kwanza.

Katika matuta haya mtaona misitu minene iliyosimama peke yake katikati ya mashamba. Hizo ni kaya za Wamijikenda, na mwaka 2008 UNESCO iliandika baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Njia nyingine hupita ukingoni kabisa mwa msitu, na ramani za simu, ambazo hazijui adabu, mara nyingine huonyesha kijia kinachokatiza ndani. Msikifuate. Kaya haiingiwi bila idhini ya wazee, na hata ukiingia kwa idhini kuna mavazi na miiko yake. Wewe ni mwalimu, sina haja ya kurefusha. Zungukeni. Kuzunguka kwenyewe ni kuzuri, kwa kuwa hewa ya kando ya msitu ina baridi hata saa nne.

Mkizoea, siku moja ya kusi fanyeni safari ya moja kwa moja: mwanzo Mazeras, mfuate tuta lote, Rabai, Ribe, Kambe, Jibana mpaka Chonyi, upepo ukiwasukuma mgongoni, kisha mteremke mashariki kuelekea barabara ya Malindi na kurudi nyumbani kwa matatu. Mteremko huo wa mwisho ni mtamu, lakini una mchanga mwekundu uliolegea kwenye kona. Nitaurudia hapo chini. Mkikaribia Vipingo mtaona mashamba ya makonge yenye barabara za udongo zilizonyooka, hazina gari, zinakuita. Ni mali ya watu. Ukiomba ruhusa getini waweza kupewa, waweza kunyimwa. Usipenye ua. Karibu na kiwanda cha saruji cha huko huko Vipingo kuna malori pia, kwa hiyo msichague mahali pale pa kutokea.

Njia ya pili ni ya siku mnapokuwa na hamu ya mbali kidogo lakini hamtaki kupanda vilima sana, na nadhani watu wengi wa Mombasa hawajaifikiria kwa sababu zamani haikuwezekana. Barabara ya Dongo Kundu, ya kilomita 17 na kitu, sasa imeunganisha Miritini na Kibundani upande wa Kwale, juu ya daraja la Mwache na lile refu la Mteza, bila kivuko cha Likoni. Kwa mtu wa Mikindani hilo ni zawadi. Nendeni kwa matatu hadi mji wa Kwale, ulio juu ya vilima, zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Hapo mnateremka kwa njia za mashambani upande wa mashariki, kati ya mikorosho na minazi ya Matuga, mkiiacha lami ya Kombani pembeni. Mnatokea Kibundani, mnashika Dongo Kundu, na mnarudi nyumbani mpaka Miritini bila kugusa mji. Kwa jumla ni kama kilomita 40, nusu ya kwanza vumbi na mteremko, nusu ya pili lami na upepo. Juu ya daraja la Mteza wakati wa kusi upepo unakupiga ubavuni kutoka baharini. Shikeni usukani kwa mikono miwili na msipande sambamba.

Kwale ina jambo lake moja la kuheshimiwa, nalo ni ndovu. Hifadhi ya Shimba Hills iko pale pale, na nyuma yake kuna hifadhi ya jamii ya Mwaluganje iliyoanzishwa miaka ya 1990 na wakulima waliotoa ardhi yao ili ndovu wapate njia. Shimba ndiko pekee Kenya kulikobaki palahala wa porini, wale swala wakubwa weusi, na watu hutamani kuingia na baiskeli kuwaona. Usiingie na baiskeli hifadhini bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori. Hata nje ya ua, msiwe kandokando ya mpaka wake alfajiri wala magharibi, ndizo saa ndovu wanapotoka kula mahindi ya watu. Mkiona mavi mabichi njiani au migomba iliyolazwa, geukeni, ulizeni kijiji kilicho karibu. Wenyeji wanajua usiku uliopita walipita wangapi na walielekea wapi. Ndovu hapigiwi kengele ya baiskeli.

Kati ya Mwache na Mteza kuna Tsunza, rasi ya wavuvi na mikoko, nayo ni safari ya jioni moja tu kutoka kwako. Mnapita lami ya Dongo Kundu kidogo, mnashuka kwenye njia za vumbi za kijijini, mnafika maji, mnarudi kabla ya magharibi. Fupi, haina vilima vya maana, nzuri kwa rafiki yako kama ndiyo anaanza. Wakati wa masika iacheni: ule udongo wa kufinyangia ndio umelala huko kote.

Kinango sasa. Mie mwenyewe nazipenda nyika hizi, ila sizipendekezi kwa kila mtu. Lami imekuwa ikiingia kwenye barabara kubwa ya Samburu (ile ya hapa Kwale), Kinango na Kwale, na magari yanafuata lami, kwa hiyo njia za zamani za ndani zimepata utulivu zaidi. Kutoka Mariakani kuelekea Mnyenzeni na Kinango mtakwenda masafa marefu mkiwaona mbuzi kuliko watu. Ardhi inalala, anga ni kubwa, hakuna kivuli. Maji ndiyo shida. Huku watu huchota mbali, na hapa nakupa ujanja unaofaa popote kwenye bara kavu: watazame wanaobeba mitungi ya lita 20 kwenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma. Njia inayounganisha shule na bomba au lambo ndiyo iliyoshindiliwa na miguu na magurudumu kila siku ya Mungu, kwa hiyo ndiyo ngumu, safi, isiyo na mchanga. Barabara pana iliyochongwa na greda inavutia machoni, lakini mara nyingi ina matuta madogo madogo yanayotikisa meno. Kijia cha mitungi kando yake ni cha hariri. Wapishe tu wenye mzigo. Aliyebeba lita 80 hawezi kusimama na kuanza tena kirahisi kama wewe.

Kusini ya mbali, Ukunda, Muhaka, Gazi, nitaipita haraka. Kuna uzuri, na Gazi kuna mradi wa kijiji wa kutunza mikoko unaostahili kutembelewa, lakini kwako ni mbali kwa siku moja, na njia za nyuma ya Diani zimejaa mchanga mlaini ambao tairi ya 38 inazama. Wa huko hupanda ufuoni siku za bamvua, maji yakitoka mbali na mchanga ukibaki mgumu. Raha yake hailinganishwi, hasara yake ni kwamba chumvi inakula cheni wiki ile ile. Ukijaribu, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo na uitie mafuta.

Namna ya kuitafuta njia yako mwenyewe: fungua picha za setilaiti kwenye simu, tafuta mistari ya rangi ya udongo isiyo na kivuli cha magari, halafu uilinganishe na ramani ya OpenStreetMap ambayo kwa bara yetu ina vijia vingi. Pakua ramani kabla ya kutoka, mtandao unakatika mabondeni. Kisha muulize bodaboda wa steji ya mwanzo. Usimuulize “njia ni nzuri?” kwa sababu kwake kila njia ni nzuri, ana injini. Muulize “pikipiki yenye abiria wawili inapita bila kushusha mtu?” Akisema inapita, nawe utapita.

Upepo wa tairi. Watu wanajaza mpaka tairi inalia kama jiwe, halafu wanalalamika kwamba changarawe inawachosha. Kwa mtu wa kilo 65 juu ya tairi ya 38 yenye tyubu, psi 40 nyuma na 37 mbele ni mwanzo mzuri. Ukiwa mzito zaidi ongeza kidogo, ukiwa mwepesi punguza. Usishuke sana, maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka mara mbili kwa pamoja, matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona matundu ya namna hiyo, ujue si mwiba, ni upepo mdogo.

Miiba nayo ipo. Mbigili hutambaa chini kando ya njia kavu, kila mbegu ina ncha inayosimama juu, na Kinango utaikuta tele. Ukitoka nje ya njia kumpisha mtu, telezesha kiganja chenye glavu juu ya tairi kabla ya kuendelea. Beba tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, vile vipande vya plastiki vya kung'olea tairi, pampu, na funguo za nyota zinazofaa baiskeli yako. Mafundi wa vijijini ni mahodari, wataifufua spoku na cheni kwa msumari na nyundo, ila vifaa vyao ni vya Black Mamba. Kama tyubu yako ina vali ile nyembamba aina ya Presta, pampu ya kijijini haitaingia. Nunua kile kidude cha shaba cha kugeuza vali, ni kidogo kuliko pete, kifunge kwenye vali yenyewe kisipotee. Hizo tairi zisizo na tyubu, za kutia dawa ndani, ziache kwanza.

Breki ziangalie kabla ya yote. Miteremko ya kutoka Chonyi na kutoka Kwale ni mirefu kuliko inavyoonekana, na mchanga uliolegea kwenye kona hauonyeshi dalili mpaka gurudumu la mbele limeshaondoka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na ukae na uzito nyuma. Helmeti si mapambo. Nahodha wa Team Amani, timu ya mbio za baiskeli ya Afrika Mashariki, Suleiman Kangangi, Mkenya mwenzetu aliyekuwa hodari wa mbio hizo, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Kama mtu wa kiwango chake aliweza kuanguka, sisi wa Jumapili hatuna sababu ya kuteremka kwa fujo.

Maji: lita mbili kwa kila mmoja kwa safari ya Ribe, tatu kwa Kinango. Madafu mtayapata Rabai na Matuga, Kinango msiyategemee. Kuleni kabla ya kutoka, mahamri na mbaazi yanatosha mpaka saa nne. Anzeni alfajiri hasa, muwe Mazeras jua linapochomoza, muwe mmemaliza kabla ya saa tano. Baada ya hapo si mchezo tena, ni adhabu, hasa Februari na Machi.

Hilo la wanawake wawili peke yenu nalijibu wazi. Bara yetu ina watu wa heshima, na wanawake wa huko huendesha baiskeli zenye mizigo kila siku, kwa hiyo hamtakuwa kioja kama mnavyodhani. Lakini mgeni ni mgeni. Vaeni suruali pana au taiti na fulana ndefu juu yake, mtie leso kwenye begi kwa ajili ya kusimama kijijini au msikitini. Salimieni kila mtu, tena simameni mkimsalimia mzee. Anayepita kimya kwa kasi kijijini ndiye anayeulizwa maswali nyuma ya mgongo wake. Wekeni namba ya bodaboda mmoja wa steji ya Rabai kwenye simu, mpeni chai kidogo asubuhi na mwambieni mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Huyo ndiye gari lenu la msaada. Watoto watakimbia nyuma yenu wakipiga kelele. Punguzeni mwendo, msiwatupie peremende, wengine watakaopita baada yenu ndio watakaolipa deni hilo kwa kurushiwa mawe.

Jumapili yenu ya kwanza basi iwe Mazeras, Rabai, Ribe na kurudi, si zaidi. Patana na makanga bei ya baiskeli kabla haijapanda juu, si baada, na uifunge mwenyewe kwa mpira wa tyubu kuukuu, ubavu wa cheni ukiangalia juu. Wakati wa kurudi msingojee gari la Kaloleni pale njia panda ya Mazeras, maana linafika likiwa limebeba nazi, kuku na mbuzi wa harusi, na baiskeli zenu zitakosa nafasi. Sogeeni barabara kuu, upande wa kwenda Mombasa, msimamishe yale yanayotoka Mariakani.